UZI: p53 na RB zinavyowasha na kuzima jeni, na mahali majibu ya maabara yanaposomwa vibaya

#1 Kinukuzi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wanaosoma baiolojia ya molekuli, walioko maabara za vyuo na za patholojia, na yeyote aliyechoka na sentensi ya "p53 inazuia saratani" isiyosema protini hiyo inazuiaje. Jibu fupi ni kwamba, kwa sehemu kubwa, inazuia kwa kuamua jeni zipi zinukuliwe kuwa RNA na zipi ziachwe kimya.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili wabishi wajipange. p53 kazi yake ni kuwasha. Kuzima si kazi ya mikono yake. Kuzima hufanywa na RB, protini nyingine ya kuzuia uvimbe, na ndugu zake, baada ya p53 kuwasha jeni moja tu, CDKN1A, inayotengeneza protini ya p21. Makala nyingi za zamani zimechanganya haya mawili, na mpaka leo watu wanapoteza miezi wakitafuta p53 kwenye promota (kipande cha DNA mbele ya jeni, unukuzi unapoanzia) ambazo haijawahi kukanyaga.

Umbo lake kwanza. Jeni ya TP53 iko kromosomu ya 17, mkono mfupi (17p13.1), na protini ina asidi amino 393. Iligunduliwa 1979, ikahesabiwa kwa miaka kama kumi kuwa ni kichochezi cha saratani kwa sababu nakala zilizokuwa zikizungushwa maabara zilikuwa tayari zimeharibika. Mwaka 1989 ndipo ilipobainika kuwa nakala nzima huzuia. Mwanzoni (1 hadi 61) kuna sehemu mbili za kuamsha unukuzi. Hapo ndipo p300 na CBP, vimeng'enya vinavyoweka asetili, hushika, na hapo hapo ndipo adui yake MDM2 humkamata, kwenye asidi amino F19, W23 na L26. Katikati (karibu 102 hadi 292) ni sehemu inayoshika DNA, iliyofungwa na atomi moja ya zinki kwenye C176, H179, C238 na C242. Ukiiondoa zinki hiyo, sehemu nzima inakunjuka. Kuanzia 325 hadi 355 ni mahali pa kuungana wanne wanne. Mkia wa mwisho umejaa lisini zinazowekewa asetili au ubikwitini kutegemea hali ya seli.

Herufi inazozitafuta kwenye DNA ni RRRCWWGYYY, mara mbili, zikitenganishwa na herufi 0 hadi 13. R ni A au G, W ni A au T, Y ni C au T. C ya nafasi ya nne na G ya nafasi ya saba hazina mjadala: ukibadilisha moja, ushikaji unaporomoka.

Seli ikiwa shwari, MDM2 inaibandika p53 ubikwitini (alama ya kuvunjwa) na proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, inaimeza, kiasi kwamba nusu ya p53 hutoweka kila baada ya dakika kama 20. DNA ikikatika, kimeng'enya ATM huweka fosfati kwenye Ser15 (serini ya 15), CHK2 kwenye Ser20, mshiko wa MDM2 unalegea, p53 inajaa. Kwenye CDKN1A inatua sehemu mbili kuu, takriban herufi 2,300 na 1,400 kabla ya mwanzo wa unukuzi. Inaleta p300, histoni (protini zinazoviringisha DNA) zinawekewa asetili, kundi la protini za Mediator linafika, na polimerasi II, kimeng'enya kinachonukuu jeni, inaachiwa. Jeni hii ina polimerasi iliyokwisha kupangwa mlangoni hata kabla ya dhiki, ndiyo maana huitika haraka kuliko jeni nyingi za kuua seli.

Miongoni mwa jeni inazoziwasha yumo pia MDM2 mwenyewe, kupitia promota iliyo ndani ya introni ya kwanza. Kwa hiyo p53 inamlea anayeiua. Matokeo yake, seli za MCF-7 (za saratani ya titi, zinazokuzwa maabara) zikipigwa mionzi ya gama, p53 hupanda na kushuka kwa mawimbi, takriban saa 5.5 kila wimbi. Anayepima mara moja tu, kwa saa aliyoichagua kwa kubahatisha, anaweza kuangukia bondeni akaandika "hakuna mwitikio".

RB namwachia Mama Seli, ndiye mwenye uwanja.

#2 Mama_Seli

Ahsante Kinukuzi. Nipite moja kwa moja.

RB1 iko 13q14, ina eksoni 27, protini yake asidi amino 928. Ndiyo ile ya saratani ya jicho la watoto, retinoblastoma, ambayo Knudson aliitumia 1971 kueleza kwamba nakala zote mbili za jeni lazima ziharibike. Jeni yenyewe ilinaswa 1986.

RB haishiki DNA kwa kutafuta herufi zake kama p53. Inampandia E2F, protini inayowasha jeni. E2F ikishirikiana na mwenzake DP hukaa kwenye herufi za aina ya TTTSSCGC (S ni C au G), mbele ya jeni za kurudufu DNA: CCNE1, CCNA2, DHFR, TK1, PCNA, familia ya MCM. RB hufanya mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, inafunika sehemu ya E2F inayoamsha unukuzi, hivyo hata ikikaa kwenye DNA haina la kusema. La pili, inaita vimeng'enya vya kufunga kromatini (DNA pamoja na histoni zake): HDAC inayong'oa asetili kwenye histoni, na SUV39H1 inayoweka methili kwenye H3K9.

Anayeiondoa ni saiklini D akiwa na CDK4 au CDK6, vimeng'enya vya kuweka fosfati, kisha saiklini E na CDK2. Wengi huchora kana kwamba RB ina swichi mbili tu, yenye fosfati na isiyo na fosfati. Si hivyo. CDK4/6 huweka fosfati moja moja kwenye sehemu mbalimbali, na RB hiyo ya fosfati moja bado inashika E2F. Ni CDK2 ndiyo inayoijaza fosfati nyingi mpaka ikaachia. Kwa hiyo ukiona bendi ya pS807/811 (RB yenye fosfati kwenye serini ya 807 na 811) kwenye Western, kipimo cha protini kwa jeli na kingamwili, usikimbilie kuandika "RB imezimwa". Endesha jeli ya asilimia 7 hivi, muda mrefu, utazame kama bendi ya jumla ya RB (karibu 110 kDa) imepanda kwenda ile ya juu. Bendi mbili zikikaa pamoja, seli zako ni mchanganyiko.

RB ana ndugu wawili, p107 na p130. Hao hupenda E2F4 na E2F5, si E2F1 hadi 3. Washike vizuri kichwani, maana hoja ya Kinukuzi inasimama juu yao.

#3 Mbishi_wa_Benchi

Kinukuzi, mkuu, hapo kwenye "p53 haizimi" umekwenda mbali. Kuna makala kibao zinazoonyesha p53 ikizima jeni za kugawanya seli: CCNB1, CDC25C, BIRC5, CDK1. Wapo walioweka promota ya CCNB1 mbele ya lusiferasi (jeni inayotoa mwanga ikinukuliwa), wakaongeza p53, mwanga ukashuka. Wapo waliofanya ChIP (kuvuta protini kwa kingamwili na kuona imekaa wapi kwenye DNA) wakaikuta p53 hapo. Wote hao wamekosea?

#4 Kinukuzi

Mbishi, mwanga kushuka ni kweli. Tafsiri ndiyo mbovu. Angalia mambo matatu.

Kwanza, ondoa CDKN1A. Kwenye seli za HCT116 zisizo na p21, Nutlin-3a, dawa inayoziba MDM2, inapandisha p53 vizuri kabisa, MDM2 inawaka, lakini CCNB1 na CDC25C hazishuki kama inavyotakiwa. Kama p53 ingekuwa inazima kwa kukaa mlangoni, p21 ingehusika nini?

Pili, muda. Ukipima RNA inayonukuliwa muda huo huo, si ile iliyolundikana, saa moja baada ya Nutlin unaona jeni zikiwaka moja kwa moja. Kushuka kwa jeni za mzunguko wa seli kunakuja baadaye, mara nyingi saa 12 hadi 24. Kitu kinachohitaji protini nyingine itengenezwe kwanza hakiwezi kuitwa cha moja kwa moja.

Tatu, herufi zenyewe. Promota za CCNB1, CDC25C, BIRC5 na wenzao zina kipande kidogo kiitwacho CHR, mara nyingi TTTGAA au TTCGAA, karibu na mwanzo wa unukuzi. Ukikiharibu, uzimaji unaondoka hata kama sehemu uliyodhani ni ya p53 hujaigusa.

Njia nzima ni hii: p53 inawasha CDKN1A; p21 inafunga CDK2; p107 na p130 zinabaki bila fosfati; zinaungana na E2F4, DP1 na kundi la MuvB (LIN9, LIN37, LIN52, LIN54, RBBP4) kutengeneza DREAM. Kimeng'enya DYRK1A huweka fosfati kwenye Ser28 ya LIN52, bila hiyo kundi halikamatani. LIN54 ndiye anayeshika CHR kwenye jeni za G2/M (za kugawanyika kwa seli), na E2F4 ndiye anayeshika zile za G1/S (za kuanza kurudufu DNA). RB yeye anasaidia zaidi upande wa G1/S.

Kuhusu ChIP zilizoikuta p53 kwenye CCNB1: nyingi zilipima kipande kimoja tu, bila eneo hasi la kulinganisha, au zilitumia seli zilizojazwa p53 kupita kiasi. Kwenye usomaji wa jinomu nzima, vilele vya p53 vinajikusanya kwenye jeni zinazowaka, si kwenye zinazozima.

#5 Mbishi_wa_Benchi

Hilo la p21 na CHR nimelikubali. Bado sikubali lusiferasi itupwe.

#6 Kinukuzi

Haitupwi, inawekwa mahali pake. Plasmidi (DNA ya duara ya kuingizwa kwenye seli) iitwayo PG13-luc ina lusiferasi na sehemu 13 za kushika p53 zilizopangwa mfululizo, na MG15 ndiyo yenye sehemu zilizoharibiwa. Ukitaka kujua kama p53 uliyonayo ina uwezo wa kuamsha unukuzi, zitumie mbili hizo pamoja na Renilla, lusiferasi ya pili ya kusawazishia. Lakini plasmidi haina kromatini iliyopangwa kama ya kromosomu, na p53 ya kujazwa kutoka kwenye promota kali ya kirusi cha CMV inaleta kiasi ambacho seli haijawahi kukiona. Inaanza kunyang'anya p300 na protini nyingine za unukuzi kutoka kwa wenzake. Promota yoyote inayozitegemea itashuka, hata ya Renilla yenyewe. Hapo ukigawanya, namba inapinda. Usizidishe: anza na nanogramu 10 hadi 50 za plasmidi ya p53 kwa kisima cha sahani ya visima 24, ujaze kilichobaki kwa vekta tupu (plasmidi isiyo na jeni ya p53) ili DNA ya jumla iwe sawa kila kisima.

#7 Nyuzi_Mbili

Shikamooni wakubwa. Naomba msaada wa ChIP ya p53 hatua kwa hatua, hasa ya CDKN1A. Seli zilizopo ni HeLa na HEK293T. Dawa iliyopo ni doksorubisini.

#8 Mpima_Kromatini

Marahaba. Kabla ya ChIP, seli hizo ziweke kando. Zote mbili zitakudanganya.

HeLa zina HPV18, kirusi cha papiloma. Protini ya E6 ya kirusi hicho inashikana na E6AP, kimeng'enya cha seli yenyewe, wanaibandika p53 ubikwitini na inamezwa. TP53 ya HeLa ni nzima, p53 haionekani. Nutlin nayo haikusaidii, kwa sababu anayeiua hapo si MDM2. HEK293T ni kinyume chake: p53 imejaa, lakini imeshikwa na antijeni kubwa ya T ya SV40 na haifanyi kazi. Western itakuonyesha bendi nene ufurahi bure.

Tafuta MCF-7, A549, U2OS au HCT116, zote zina TP53 nzima. Za kulinganishia zisizo na p53 kabisa ni H1299 au Saos-2, ila kumbuka Saos-2 hazina RB inayofanya kazi, kwa hiyo kwa hoja ya uzi huu H1299 ni bora. U2OS na HCT116 nazo zina kasoro: zote zina PPM1D iliyokatwa mwishoni, fosfatasi yake haiharibiki upesi, inang'oa fosfati za njia ya ATM na kuipooza p53. Zitumie, lakini usilinganishe urefu wa mwitikio wake na wa A549 ukadhani ni tabia ya tishu.

Dawa. Nutlin-3a ndiyo safi kwa sababu inaziba mfuko wa MDM2 bila kukata DNA. Stoo ya milimola 10 kwenye DMSO, weka 1 kwa 1,000 upate mikromola 10 na DMSO asilimia 0.1. Saa 6 hadi 8 zinatosha. Kidhibiti kizuri ni Nutlin-3b, pacha wake asiyefanya kazi. Doksorubisini nayo inafaa ukiwa mpole, mikromola 0.2 hadi 0.5. Ukiimwaga nyingi, inaingia kati ya herufi za DNA na kusimamisha unukuzi wenyewe: p53 itapanda, p21 haitapanda, nawe utaandika eti seli zako zina p53 mbovu. UV ya dozi kubwa ina mtego huo huo, na aktinomisini D pia. Nanomola 5 za aktinomisini D huziba polimerasi I peke yake, protini za ribosomu RPL5 na RPL11 zinaikamata MDM2, p53 inaachiwa. Ukipanda kwenye mikromola, unukuzi wote umekufa.

Sasa ChIP:

Seli kama milioni 10 kwa kila mvuto mmoja wa kingamwili. Fomaldehaidi asilimia 1, dakika 10, joto la chumba, ukitikisa polepole. Kwenye mililita 10 za midia hiyo ni takriban mililita 0.28 za stoo ya asilimia 37, au 0.67 za ampuli ya asilimia 16 isiyo na methanoli. Chupa ya 37 yenye utando mweupe chini ni ya kutupa. Fomaldehaidi imeshajiunga minyororo na kipimo chako si asilimia 1 tena. Simamisha kwa glaisini milimola 125, dakika 5. Osha mara mbili kwa PBS ya baridi yenye vizuizi vya proteasi.

Kukatakata kwa mawimbi ya sauti mpaka vipande viwe herufi 200 hadi 500. Hapa ndipo ChIP nyingi zinapofia. Chukua mikrolita 20, ondoa mifungo kwa nyuzi 65, safisha, endesha kwenye jeli ya agarosi asilimia 1.5 KABLA ya kuendelea. Sehemu mbili za CDKN1A zimetengana kwa herufi kama 900 tu. Ukibaki na vipande vya 1,000, ishara ya moja inaonekana kwa jirani yake na huwezi kusema p53 imekaa wapi. Povu likitokea, simama. Povu linakula nguvu ya mawimbi na kuunguza protini. Mpigo wa sekunde 30, pumziko la sekunde 30, mirija ndani ya barafu.

Kingamwili: DO-1, mikrogramu 2 hadi 5, usiku kucha nyuzi 4, pamoja na IgG ya panya (kingamwili isiyolenga p53, ya kulinganishia) kwenye mrija wa pili. DO-1 inashika asidi amino 20 hadi 25 za p53 ya binadamu. Kwa p53 ya panya haifanyi kazi, usihangaike. Weka asilimia 1 ya kromatini pembeni kama kianzio. Osha kwa chumvi kidogo (NaCl milimola 150), chumvi nyingi (500), LiCl 250, kisha TE mara mbili. Toa kwa SDS asilimia 1 na NaHCO3 milimola 100. Ongeza NaCl mpaka milimola 200, nyuzi 65 usiku kucha, halafu RNase, proteinasi K, safisha.

Praima (vipande vya kuanzishia PCR) ziweke jozi tatu: sehemu ya CDKN1A ya herufi 2,300, MDM2 introni 1, na eneo la jangwa lisilo na jeni. Bila hilo la tatu huna ChIP, una namba.

#9 Nyuzi_Mbili

Nashukuru sana. Namba za mwisho huhesabiwaje? Kila kitabu kina fomula yake.

#10 Mpima_Kromatini

Asilimia ya kianzio ndiyo rahisi kutetea. Kianzio cha asilimia 1 kimepunguzwa mara 100, kwa hiyo toa 6.64 (logi ya 100 kwa msingi wa 2) kwenye Ct yake, yaani mzunguko wa PCR ambapo ishara inaanza kuonekana. Mfano: Ct ya kianzio 27.0 inakuwa 20.36. Ct ya DO-1 ikiwa 26.36, tofauti ni 6, na 2 kipeo hasi 6 ni 0.0156, yaani asilimia 1.56. IgG ikiwa na Ct 32.36, tofauti 12, asilimia 0.024. Usiripoti "mara 64 juu ya IgG" peke yake, maana IgG ikiwa ndogo mno hata uchafu unaonekana mlima. Ripoti asilimia za sehemu zote tatu, kwa dawa na bila dawa.

#11 Dkt_Kioo

Niingie upande wa patholojia, maana huku ndiko biolojia hii inakogusa ripoti ya mgonjwa.

p53 kwenye slaidi haisomwi kama "chanya" au "hasi". Tishu yenye TP53 nzima huonyesha mchanganyiko: viini vingine vimepaka sana, vingine kidogo, vingine havijapaka. Isiyo ya kawaida ina sura tatu. Ya kwanza, viini karibu vyote vimepaka kwa nguvu, kwa kawaida asilimia 80 na zaidi. Mara nyingi ni badiliko la herufi moja, protini mbovu imekaa bila kuvunjwa. Ya pili, hakuna hata kimoja kilichopaka, lakini limfosaiti na seli za stroma (tishu ya kushikilia) za jirani zimepaka. Hapo jeni imekatika katikati. Ya tatu, sitoplazimu imepaka. Hii ni nadra.

Hiyo ya pili ndiyo mtego wetu. Sampuli ikikaa siku nzima bila fomalini, au ikazamishwa nzima nzima kwenye kichupa kidogo, p53 inapotea yenyewe na slaidi inakuwa tupu. Kama stroma nayo haijapaka, hakuna jibu hapo, rudia. Fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo mara 10 au zaidi ya tishu, vipande vya milimita 3 hadi 5, saa 6 hadi 72. Fomalini iliyochanganywa na maji ya bomba bila bafa inageuka asidi, inaacha chembe nyeusi na kuharibu kingamwili zinavyoshika.

Kisha p16, protini ya jeni ya CDKN2A, kwenye mlango wa kizazi, saratani inayoua wanawake wengi kuliko saratani nyingine Tanzania. Watu huuliza: p16 si kizuizi cha uvimbe, mbona imejaa kwenye saratani? Kwa sababu E7, protini ya HPV, ina mfuatano wa asidi amino LxCxE, inaingia kwenye mfuko wa RB na kuipeleka ikavunjwe. E2F inabaki huru, na CDKN2A iliyokuwa imebanwa inafunguka. p16 inajaa, lakini kazi yake ni kuzuia CDK4/6 zisimguse RB, na RB mwenyewe hayupo. Kwa hiyo p16 iliyopaka kwa nguvu, mfululizo, kiini na sitoplazimu, kuanzia tabaka la chini, ni alama ya RB kuondolewa na kirusi. Mabaka mabaka hayahesabiwi.

#12 Mbishi_wa_Benchi

Dkt, hapo umenipa silaha. Kama p16 inajaa kwa sababu RB haipo, basi dawa za kuzuia CDK4/6 kama palbociclib hazina kazi kwenye saratani hizo.

#13 Dkt_Kioo

Ndiyo. Zinahitaji RB nzima ya kulinda. RB1 ikipotea, kuzuia CDK4/6 hakubadilishi lolote kwenye E2F, na kupotea kwa RB1 ni mojawapo ya njia ambazo saratani ya titi huitumia kuacha kusikia dawa hizo.

#14 Shamba_na_Maabara

Wadau, na sumukuvu? Inasemekana inaharibu p53 mahali pamoja tu. Ni kweli au ni maneno ya semina?

#15 Kinukuzi

Ni kweli, na ni mojawapo ya alama nadra zinazomtaja mhusika karibu kwa jina. Aflatoksini B1, sumu ya kuvu Aspergillus flavus kwenye mahindi na karanga, ikifika kwenye ini vimeng'enya CYP3A4 na CYP1A2 huigeuza kuwa epoksidi. Epoksidi inajibandika kwenye N7 ya G. Seli ikirudufu DNA bila kutengeneza, G inakuwa T. Kwenye kodoni ya 249 ya TP53, AGG inakuwa AGT: arginini inakuwa serini, R249S. Mwaka 1991 iliripotiwa kwa wingi kwenye saratani za ini za Qidong, China, na za kusini mwa Afrika, Msumbiji ikiwemo. Sehemu nyingine zinazoharibika mara kwa mara, R175, R248 na R273, zina CG ambapo C yenye methili hujigeuza T yenyewe. 249 haina CG hiyo, ndiyo maana wingi wake unanyoosha kidole kwa sumu kutoka nje. Homa ya ini B ikiwepo pamoja na sumukuvu, hatari inaongezeka sana.

Tofautisha na sumu ya ghafla. Mwaka 2004 Kenya, hasa Makueni na Kitui, wagonjwa 317 na vifo 125 vilitokana na ini kushindwa kazi, si saratani. Njia ya p53 inataka miaka ya kula kidogo kidogo. Kikomo cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo jumla, 5 kwa B1.

Kipimo cha bei nafuu kipo: kimeng'enya HaeIII hukata GGCC. Kodoni za 249 na 250 ni AGG CCC, ina GGCC ndani yake. Ikiwa AGT CCC, haikati. Kuza eksoni ya 7 kwa PCR, kata, endesha jeli. Hakikisha kipande chako kina GGCC nyingine ya kuthibitisha kuwa kimeng'enya kimefanya kazi. Bila hiyo, kimeng'enya kilichokufa kitakupa "R249S" kwa kila mgonjwa. Na badiliko la kodoni ya 250 nalo huvunja GGCC, kwa hiyo thibitisha kwa Sanger (usomaji wa herufi za DNA), ukijua Sanger haioni vizuri chini ya asilimia 15 hadi 20 ya nakala mbovu.

#16 Tetrama

Nyongeza kuhusu nakala mbovu. Mara nyingi huandikwa kwamba seli yenye nakala moja nzima na moja mbovu hubaki na tetrama (p53 nne zilizoungana) nzima 1 kati ya 16, kwa hesabu ya nusu mara nne. Hesabu hiyo inadhani molekuli nne hukutana ovyo. Lakini p53 huungana mbili mbili wakati ingali inatafsiriwa kwenye RNA mjumbe mmoja, kwa hiyo jozi zinatoka ama nzima ama mbovu. Jozi ndizo zinazokutana baadaye. Matokeo ni robo nzima, nusu mchanganyiko, robo mbovu. Tofauti ya 1/16 na 1/4 si ndogo unapojadili kwa nini seli ya namna hiyo bado inaitikia kidogo.

Kwa wapenda wanyama: tembo wa Afrika ana takriban nakala 20 za TP53, nyingi zikiwa zimezaliwa upya kutoka RNA. Seli zake hujiua kwa uharibifu wa DNA ambao seli ya binadamu ingejaribu kuutengeneza.

#17 Mama_Seli

Kwa anayeuliza kama kila kizuizi cha uvimbe hushika DNA: hapana. SMAD4 (18q21) inashika, kwa herufi GTCT, baada ya ishara ya TGF-beta, nayo huwasha CDKN2B. VHL haishiki DNA. Inavunja HIF-alfa kukiwa na oksijeni, ikikosekana jeni za HIF zinawaka. APC nayo haishiki. Inaiharibu beta-katenini isifike kwa TCF. Wote wanaishia kwenye unukuzi, kwa milango tofauti.

#18 Nyuzi_Mbili

A549 zimepatikana. Mpango ni Nutlin saa 8 kwa ChIP, na saa 8 hiyo hiyo kwa RNA ya CDKN1A, MDM2 na CCNB1. Uko sawa?

#19 Mpima_Kromatini

CDKN1A na MDM2 ziko sawa. CCNB1 ongeza saa 24, na saa hiyo piga pia ChIP ya p130 au E2F4 kwenye promota ya CCNB1, eneo la CHR likiwa katikati ya praima. RNA isawazishe kwa jeni mbili zisizofuata mzunguko wa seli. Epuka za histoni na za ribosomu. Bila p130 hapo, Mbishi atarudi na swali lake la post ya 3.

#20 Mbishi_wa_Benchi

Nitarudi hata ikiwepo. Weka na siRNA (RNA fupi ya kunyamazisha jeni) ya CDKN1A.